Mkwaruzo wa Shangazi

Shangazi yangu ni mbishi, nasema hivyo kwa fahari. Kazi yake ni kufuga seli za ngozi zilizozeeka. Huzitandaza kwenye visahani vya maabara, huzikwaruza katikati kwa ncha ya plastiki, kisha huchungulia kwa hadubini aone kama jeraha litaziba. Seli changa huziba haraka. Zilizochoka huzembea, eti kama mimi siku ya kufua.

Alikuwa ameng'ang'ania jambo moja: peptidi mbili, yaani vipande vidogo vya protini, zikitumika pamoja zitaamsha hata seli kongwe. Kila moja peke yake ilisaidia kidogo. Zikiunganishwa, wapi! Mkwaruzo ulibaki wazi vilevile. Mkuu wa maabara, mtu mpole kupindukia, akamwambia kwamba jaribio linalofuata likishindwa, mradi unafungwa.

"Basi tena, Shangazi," nikamwambia jikoni kwake. "Umejitahidi."

"Hebu nyamaza wewe! Nani kakuambia nimeshindwa?"

Kichwa kigumu kweli, na siku hiyo nilimpenda kwa ugumu wake huohuo.

Mle maabarani wana mazoea: asubuhi kila kitu huchanganywa kwenye chupa moja, ili mchana mtu asihangaike. Shangazi naye alikuwa akifanya hivyohivyo. Safari hii, kabla ya kuimimina, akainua chupa dirishani. Maji yalikuwa na ukungu. Peptidi zilikuwa zimeshikana zenyewe kwa zenyewe kabla hata ya kuzifikia seli! Akajipiga paji la uso, akaangua kicheko mpaka jirani yake wa meza akamkata jicho.

Akaanza upya. Akatia ya kwanza peke yake, akasubiri seli ziipokee, akaziosha, ndipo akatia ya pili. Visahani vingine akaviacha bila dawa, vya kulinganishia. Kisha akarudia jaribio lote, maana anajua mtu hujidanganya kirahisi akitaka kitu sana.

Mkuu akaja, akainamia hadubini. Akarekebisha lenzi. Akasogeza kisahani kushoto, kulia, akarudi kushoto.

"Samahani," akasema, "mkwaruzo uko wapi?"

Shangazi akajibu kwa sauti iliyofika hadi getini: "Haupo, bosi! Haya, funga mradi sasa tukuone!"