Ekseli Iliyotoka Dirishani

Saa moja asubuhi, Temeke. Mzee Mwinjuma ameipindua baiskeli, magurudumu yanatazama juu, naye amepiga magoti ubavuni mwake. Mkononi ana uzi wa kushonea. Ncha moja ameibana kwenye meno ya gia ya mbele, ile inayozungushwa na pedeli. Ncha ya pili anaivuta mpaka kwenye meno ya gurudumu la nyuma. Anafumba jicho moja.

"Tazama mwenyewe," ananiambia. "Uzi umekwenda upande. Uzi ukienda upande, mnyororo nao unakwenda upande. Panda mlima na mzigo, unaruka."

Na umesharuka. Baiskeli hii ni ya Kasiani, mchukuzi wa maziwa kutoka Mbagala. Wiki iliyopita, kwenye mwinuko wa Mtoni, mnyororo ulichomoka, pedeli ikazunguka bure, mtu akaenda chini na madebe yake. Maziwa yote yakanywewa na mchanga. Goti la Kasiani limevimba, hadi leo halikunjiki.

Mzee Mwinjuma hajakunja hata huo uzi, Demetria, mke wa Kasiani, ameshasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Shikamoo, fundi. Nimekuamkia kwa ajili ya mvi zako tu, si kwa ajili ya kazi yako."

"Marahaba, mwanangu."

"Usiniite mwanangu! Mume wangu kalala chali, watoto wanakunywa uji mtupu, na wewe unacheza na uzi!"

Mzee anaukunja uzi, anautia mfukoni. Siku njema kazi hii humpa shilingi mbili, siku ya mvua haimpi kitu. Hana duka wala kibao. Ana jina lake tu, na sasa jina hilo linachafuka. Tangu Kasiani aanguke, wateja wawili wamekuja kuchukua baiskeli zao kimyakimya, wakazipeleka kwingine.

"Kaa, mama, nikueleze," anasema. Demetria anakaa, lakini uso kaukunja vilevile.

Ekseli ya katikati ya baiskeli ya Kasiani, chuma kinachobeba mikono yote miwili ya pedeli, ilikuwa imelika. Mzee Mwinjuma akaitoa, akaifunga kitambaani, akaenda nayo mjini iwe kipimo, kama wafanyavyo mafundi wote wa huku.

Sasa sikiliza mambo ya duka hilo la mjini. Mlangoni wanaingia Wazungu na wakubwa. Fundi Mwafrika husimama juani, nje, kwenye kidirisha. Kipimo chake kinachukuliwa ndani, halafu kinaletwa kitu kipya, anaambiwa ndicho. Kukishika hapana, mpaka alipe. Akishalipa, duka halikipokei tena. Mtu anayenunua vitenge huachiwa avipapase mpaka achoke. Lakini chuma kitakachobeba roho ya mtu barabarani, fundi anakinunua kwa kukitazama kwa mbali!

"Nikamwambia karani, naomba niziweke sambamba, ya zamani na mpya. Akanicheka. Akasema, 'Mzee, unadhani hapa sokoni? Ni ileile hiyo.'"

Haikuwa ileile. Upande wa kushoto ililingana. Upande wa gia ilipungua kama unene wa sarafu mbili za senti kumi. Ni upungufu mdogo, lakini uliivuta gia ya mbele ndani, karibu ikwaruze frem, na mnyororo ukawa unakwenda mshazari. Mzee aliuona upungufu huo alipofika nyumbani na uzi wake. Kesho yake akarudi dirishani. Kidirisha kikafungwa usoni pake.

"Kwa nini basi ukaifunga?" Demetria anauliza. Sauti imeshuka kidogo.

"Mumeo aliniomba, nami sikumwambia kuwa ni hatari. Alisema, 'Fundi, maziwa yatachacha, nifungie hivyohivyo.' Nikaigonga gia kwa nyundo, ikainama nje kidogo, nikaona inatosha. Mzigo ulipoelemea, ikarudi. Hapo kosa ni langu, mama, silikatai. Ningeilaza hapa mpaka ekseli ya kweli ipatikane."

"Kumbe ulikuwa unajua," anasema Demetria. "Na wao walikuwa wanajua. Aliyekuwa hajui ni yule aliyeipanda."

Baadaye mzee ananiambia kuwa maneno hayo yamemuuma kuliko matusi.

Lakini ameshakata shauri. Jioni ya jana alizungumza na mafundi wa Mbagala na wa Kinondoni. Kumbe kila mmoja ana ekseli yake ya dirishani iliyomtia aibu. Wamekubaliana. Jumatatu watakwenda mjini pamoja, kila mmoja na frem tupu begani, wapange mstari. Hakuna atakayelipa mpaka aingize ekseli kwenye frem yake, aizungushe, avute uzi wake aone.

"Sitaki kuingia mlangoni kwao," anasema. "Nataka kukijua kitu kabla sijakilipia, basi."

"Wakiwafukuza?" anauliza Demetria.

"Jumanne tutakuwepo tena."

Demetria anainuka, anajifunga kanga yake vizuri kiunoni.

"Basi Jumatatu mnipitie. Nyie mafundi mna adabu sana, mtasimama pale mkisema 'samahani, bwana' mpaka jua lizame. Mie ndiye nitakayeanza kusema."