Pepo la Achieng

Jana mjukuu wangu, mtoto mrembo ambaye bado haongei, alinivuta mkono mpaka kwa mtungi. Nikampa maji, tukaelewana. Nikamkumbuka mdogo wangu Achieng, ambaye naye hakuwa anaongea, kule Lindi tukiwa watoto.

Akina mama wa kanisa walijaa kwa nyumba yetu kumtoa pepo la ububu, jasho na moshi wa jiko vikinuka, ngoma ikilia.

"Sema Yesu! We, sema!"

Achieng akaziba masikio, kisha akanivuta kuelekea mlangoni.

"Pepo linapigana! Mshikeni!"

Nami nikaamini, nikamwogopa.

Mama alipochoka na kilio cha Achieng alimtoa nje. Hapo Achieng akatulia.

"Haleluya, limetoka!" wakashangilia, wakaketi kunywa chai.

Pepo gani, jameni? Mtoto alikuwa anakimbia kelele. Na kwa kuwa bado hakusema, Jumapili iliyofuata walirudi na ngoma mbili.