Kiini cha Kifaranga, Cheupe cha Babu

Muuza chakula cha kuku mtaani kwetu tunamwita Mama Pumba. Unga haumtoki kwenye nyusi, na kila anachoshika hukibonyeza kwanza kwa kidole gumba, liwe gunia, uwe mkate. Nilimpelekea kifaranga pekee aliyebaki katika kuku wa marehemu mke wangu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alikuwa ameshafanana nami: kakonda, shingo imelegea. Mama Pumba akambonyeza kifuko cha shingoni. "Babu, unamlisha nini huyu?"

"Ninachokula mimi. Mkate na chai."

"Asubuhi?"

"Na jioni."

Akaacha kumtazama kifaranga, akanitazama mimi. Akanibonyeza mkono kama gunia. Kisha akachemsha yai nyuma ya duka, akaponda kiini kwa maji, akamlisha kifaranga kwa ncha ya kidole. Sehemu nyeupe akaniwekea kiganjani.

"Hii ya mgonjwa wa pili. Kesho mje wote."

Tukawa tunakwenda kila asubuhi, kifaranga kikapuni, mimi na njaa yangu mpya. Jana alitubonyeza wote wawili. Kifaranga kaambiwa amepona, abaki nyumbani aparue. Mimi nimeambiwa bado.