Msumeno, Fundi wa Kusikiliza kwa Macho

Jina la Msumeno alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Programu ya kwanza aliyoitengeneza ya kubadilisha sauti aliijaribu kwenye salamu za dada yake zilizorekodiwa katika simu, na salamu zile zikatoka kwenye spika kama mbao inayopasuliwa. Mtaa mzima ulisikia. Fundi cherehani, ambaye chumba chake kinapakana na cha Msumeno, alitoka nje na futi ya kupimia shingoni akauliza ni nani anayejenga. Jina likaganda papo hapo. Mwenyewe alilipenda mpaka akaliandika mlangoni kwa rangi ya bluu.

Asubuhi hutengeneza spika na redio za watu. Kazi za watu zikiisha, huvuta kiti mbele ya kompyuta na kuanza kazi inayomfanya asahau kula. Hutengeneza programu ndogo zinazochomekwa ndani ya programu kubwa ya kurekodia muziki. Wenzake wa kazi huziita plagini. Plagini za wengine huongeza mwangwi au hukuza besi. Zake hufanya vituko. Huichukua sauti na kuitandaza kwenye kioo kama picha: sauti nzito chini, nyembamba juu, na palipo na nguvu rangi hung'aa. Picha ikishatandazwa, Msumeno huishika kama kitambaa. Anaweza kugandisha silabi moja ikaning'inia hewani kama mtu aliyesahau kupumua. Anaweza kupaka mlio wa mlango juu ya filimbi mpaka usijue kama ni filimbi inayofungwa au mlango unaopulizwa.

"Na kuna watu wanaotaka hayo?" fundi cherehani alimuuliza siku moja.

"Wapo, ila hawajajua bado kwamba wanayataka."

"Haya. Na mimi nishone suruali ya miguu mitatu, tuwangojee pamoja."

Kasoro yake kubwa inajulikana na kila aliyewahi kuingia chumbani mle: Msumeno husikiliza kwa macho. Picha ikimpendeza, kwake sauti imekwisha kuwa nzuri, na hedifoni hubaki zikining'inia kwenye msumari ukutani, zimejaa vumbi.

Mapenzi ya muziki aliyapata kwa shangazi yake. Shangazi huyu alikuwa mwimbaji wa kundi la wanawake, tena mwimbaji wa mbele, mpaka siku moja sauti yake ilipokatika katikati ya wimbo na ukumbi ukaangua kicheko. Aliweka maiki chini, akashuka jukwaani, na hakupanda tena. Nyumbani, hata hivyo, nyimbo hazikumtoka. Huimba kwa puani, mdomo umefumbwa, akimenya viazi, akikunja nguo, akitafuta miwani iliyo kichwani mwake. Ukimuuliza anaimba nini, atakukatalia katakata kwamba anaimba.

Mwaka huu mwenzake wa zamani, aliyeitwa Besi kwa sababu ya sauti yake nzito, alianza kumwandama ili wafufue kundi. Shangazi alikubali kwa masharti.

"Nitarekodi wimbo mmoja kwa huyu mwanangu," alisema. "Tutausikiliza pamoja. Nikijisikia na nikaona haya, basi. Msinitajie tena neno jukwaa."

Siku ya kurekodi, mlio wa cherehani ulikuwa unapita ukutani kama hakuna ukuta. Mtu mwingine angenuna. Msumeno alipiga makofi kwa furaha, maana ndiyo kwanza alikuwa amemaliza plagini mpya aliyoiita Fagio. Unaipa kelele peke yake kwa muda mfupi iijifunze, kisha inaifagia kelele hiyo kutoka kwenye wimbo wote. Alibonyeza kitufe cha kurekodi, akamwambia shangazi asimame mbele ya maiki asiseme neno, akakimbilia chumba cha pili.

"Fundi, shona."

"Hukuja kuniambia ninyamaze?"

"Nataka kelele zako safi, mfululizo, bila kituo."

"Mezani sina nguo."

"Shona hewa."

"Saizi gani?"

Hata hivyo alishona hewa, na Msumeno akasimama kando yake akimkataza kukohoa. Kisha akarudi, akampa shangazi ishara, na shangazi akaimba. Aliimba kwa moyo wote. Kwenye sauti ya juu kabisa alivunjika kidogo, akafumba macho, akaendelea. Msumeno aliyaona yote hayo kwenye picha, yakiwaka kwa rangi ya machungwa, akaridhika.

Kesho yake aliiachia Fagio kazi. Mistari ya cherehani ikatoweka na picha ikabaki nyeupe na nadhifu kama uwanja uliofagiliwa, naye kwa furaha hakujiuliza ile rangi ya machungwa imekwenda wapi. Hedifoni hakuzigusa. Alimpigia shangazi simu aje mchana na Besi, wausikie wote kwa pamoja kwa mara ya kwanza.

Walikaa. Msumeno akabonyeza. Kwenye spika ikatoka pumzi. Ikafuata "sss", kisha midomo ikigusana, kisha pumzi tena, kama mtu anayetafuta funguo gizani. Fundi cherehani alichungulia mlangoni.

"Wimbo wenyewe unaanza saa ngapi?"

Hakuna aliyecheka. Shangazi aliinuka, akatundika mkoba begani.

"Nimeelewa. Hata mashine imenitafuta haikuniona."

"Shangazi, kaa kwanza."

"Nikae nisikilize nini, mwanangu?"

Msumeno alirukia kompyuta. Alifungua haraka kile kipande ambacho Fagio ilijifunzia kelele, akakikuza. Mistari ya cherehani ilikuwepo, imenyooka. Lakini katikati yake ulipita mstari mwingine uliopanda kama ngazi, ukapumzika, ukashuka. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alinyoosha mkono msumarini, akapangusa vumbi, akavaa hedifoni. Akaanza kucheka.

"Shangazi, nilipokuwa kwa fundi, wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Uliniambia nisiseme neno. Sikusema neno."

"Hukuimba kwa puani?"

"Mimi? Tangu lini mimi nikaimba kwa puani?"

Besi alishika kiti asianguke kwa kicheko. "Dada, wewe huimba hata ukipiga mswaki!"

"Basi ndivyo ilivyokuwa," Msumeno alisema. "Fagio imejifunza kwamba sauti yako ni takataka za cherehani. Imeifagia yote."

"Na hizo takataka imezimwaga wapi?" shangazi akauliza, mkoba ungali begani.

Msumeno alizivua hedifoni. Fagio ilikuwa na kitufe cha kusikilizia yale iliyoyafagia. Alikiweka kwa ajili ya majaribio tu. Akakibonyeza. Sauti ya shangazi ikajaa chumba, nzito, kila noti ikijivuta na kuikumbatia inayofuata, kana kwamba mashangazi wengi wamesimama nyuma ya pazia. Chini yake cherehani ilikimbia ikipiga mwendo. Msumeno akaichanganya na wimbo wa awali, vikaenda sambamba. Pale juu sauti ilipovunjika, wale mashangazi wa nyuma waliibeba, ikapita.

"Rudisha hapo," shangazi akasema.

Akarudisha.

"Hapo ndipo nilipovunjika?"

"Hapo hapo."

"Mbona panapendeza?" Aliuliza taratibu, kama anayeogopa kujibiwa. Kisha akausikiliza wimbo wote tena tangu mwanzo, na Besi tayari alikuwa ameingia kwa sauti yake ya chini bila kuombwa. Safari hii shangazi hakufumba mdomo. Aliimba juu ya sauti yake mwenyewe, akafika pale juu, akavunjika tena, na akacheka katikati ya neno.

Ulipokwisha alishusha mkoba. "Tutaanza mazoezi. Ila cherehani isiondolewe."

Wote wakamgeukia fundi.

"Mnanitazama nini? Mimi nina nguo za watu."

"Hatutaki nguo," Msumeno akamwambia. "Ni hewa tu."

"Saizi gani?"

"Ya ukumbi," alijibu shangazi.

Sasa mazoezi hufanyika chumbani mle, cherehani ikiwa imebebwa na kuwekwa karibu na maiki, na fundi hukasirika kweli kweli mtu akikohoa. Hedifoni siku hizi zimo kichwani mwa Msumeno. Kwenye msumari huning'inia mkoba wa shangazi.