Leso ya Mama Mutua

Kama wewe ni mtu wa kubisha, nakuomba ubishe nikimaliza. Mimi sinywi, sivuti, na siku hiyo nilikuwa nimekula nikashiba. Haya yalinipata mimi mwenyewe, tena mchana.

Tulikuwa tunakaa nyuma ya Komarock, kwenye ploti iliyojengwa ukingoni mwa kwari ya zamani. Unajua kwari zetu zilivyo. Mawe yakishachimbwa, linabaki shimo lenye kuta nyeupe zinazoshuka mpaka kwenye maji ya kijani. Kila msimu wa mvua ukingo ulimomonyoka. Choo ndicho kilichotangulia kuporomoka, kikafuata kibanda cha kuku, na mwenye ploti akawa anatusogezea tu uzio wa mabati. Nilipokwenda kuona chumba, kijana wa kutunza ploti aliniambia, "Siste, hapa rent iko chini, na hewa ya ziwa ni ya bure." Nilicheka, nikahamia. Ungekuwa wewe, na mtoto mgongoni, ungefanya nini?

Chumba cha mwisho, kile kilichokaribia shimo kabisa, aliishi Mama Mutua, mama mzima wa Kikamba aliyesuka vyondo; watoto wa ploti walimwita Shosho, yaani bibi. Ploti nzima tulianika kwenye kamba moja. Wingu likitanda, ungesikia sauti yake: "Anueni nguo, mvua inakuja." Aliyekuwa kazini alirudi akakuta zake zimekunjwa kwenye beseni mlangoni, sweta zimekunjwa mikono ndani kwa ndani. Hakuwahi kungoja asante.

Kisha mvua ya mwaka jana ikamchukua, yeye na chumba chake. Tulichanga, tukaenda hadi Machakos, tukamzika. Nililia sana siku hiyo. Lakini tuliporudi, leso yake nyekundu ya kujifunga ilikuwa bado kwenye kamba. Nani aiguse nguo ya marehemu? Ikanyeshewa, ikakauka, ikanyeshewa tena, mpaka ukingo ulipokwenda na nguzo ya mwisho ya kamba, na leso nayo ikaenda. Tukafunga kamba kwingine, maisha yakaendelea.

Sasa sikiliza. Jumamosi moja alasiri, mbingu ikageuka nyeusi. Binti yangu Neema, aliyekuwa na miaka minne, alikuwa amelala ndani, nami nakanda unga wa chapati. Nikasikia, "Anueni nguo, mvua inakuja." Nikajibu kwa mazoea tu, "Asante, Mama Mutua."

Mikono ikakwama kwenye unga.

Mimi woga wangu huja pamoja na hasira. Nikasema, kama kuna mtu anatuchezea, leo atanitambua. Nikatoka. Kamba yetu ilikuwa tupu. Kwenye uzio bati moja lilikuwa limeng'oka, na ng'ambo yake alisimama yeye, kitambaa kichwani, beseni kiunoni. Hakuwa anatisha, niamini. Ulikuwa uso wake ule ule wa siku zote, uliochoka kidogo.

"Mama Neema," akasema kwa upole, "zenu nimeanua. Na yangu je?"

Akanionyesha kwa mdomo. Kamba yetu ilikuwa imepita uzio na kuendelea mbele, imekazwa vizuri, na ile leso nyekundu inapepea juu yake. Hapo sikuona ajabu yoyote. Niliona ni haki yake, kwani ametuanulia miaka mingapi? Nikapita kwenye pengo la mabati, nikanyoosha mkono. Pindo la leso likanigusa vidole. Lilikuwa limelowa, la baridi, na mvua haijaanza.

"Mami, unaongea na nani?"

Neema alikuwa amesimama mlangoni akijifikicha macho. Nikatazama chini. Vidole vya mguu wangu vilikuwa hewani, na udongo ulikuwa unachuruzika kwenda majini. Mbele yangu hapakuwa na kamba, wala leso, wala mtu.

Nilirudi kwa kutambaa. Nikamkumbatia yule mtoto nikalia, kwa sababu jambo moja tu ndilo lililonijia: angeamka asinione, nani angemwambia niko wapi? Hana mwingine hapa Nairobi.

Na pale mlangoni palikuwa na beseni. Nguo zetu zilikuwa zimekunjwa, sweta ya Neema juu, mikono ndani kwa ndani.

Wiki hiyo hiyo tulihamia Kaloleni, hapa hapa Nairobi. Nyumba za zamani, ardhi tambarare, nikajua nimepona. Wapi! Mvua ya kwanza ilipokaribia nilikwenda kuanua, na katikati ya nguo zangu ilining'inia leso nyekundu iliyolowa. Niliuliza majirani wote, haikuwa ya yeyote. Nikaikunja kama alivyokuwa akikunja, nikaiweka kwenye beseni mlangoni. Asubuhi beseni lilikuwa tupu. Tangu hapo, wingu likitanda, iko kambani. Popote nilipo natazama juu, na moyo hautulii mpaka nifike nyumbani niianue.

Juzi nilikwama sokoni Muthurwa na mzigo wangu wa mboga, mvua ikanitangulia. Nilipofika, nikakuta leso kwenye beseni, imekunjwa vizuri. Na sijawahi kumweleza Neema neno lolote.

"Shosho amesema usiharakishe," akaniambia. "Ukichelewa, nitakuwa namwanulia mimi."

Sasa bisha ukitaka. Lakini jirani yako akifa, nenda uanue nguo zake siku hiyo hiyo. Usingoje aje kukuomba, kwa maana hutajua atamwomba nani baada yako.