Kigingi cha Baba

Kwetu Elburgon, mtu wa msitu hutambulika kwa vidole vilivyobaki. Baba alishaacha viwili kwenye kiwanda cha mbao, kwa hivyo ni mheshimiwa. Shida ni kwamba kiwanda kilifungwa kitambo, na mheshimiwa akabaki nyumbani kugombana na kuku.

Halafu mwaka jana saiprasi ya nyuma ya nyumba ikaanza kuinamia jiko la Mama. Kijana wa jirani mwenye power saw akajitolea kuikata. Baba akamtazama juu chini.

"Boss, wewe unakata. Mimi naangusha."

Wazee wa msitu walikuwa na desturi yao ya majigambo. Kabla ya kugusa mti, unapigilia kigingi pale mti utakapoangukia. Ukikipata, wewe ni fundi. Ukikikosa, watu watakuita Kigingi mpaka uzikwe. Baba akapigilia chake katikati ya shamba la viazi, mbali na jiko, na majirani wakaja kutazama maana kwetu hakuna sinema.

Msumeno ulikuwa ule wa watu wawili. Upande wa pili nilishika mimi, bintiye, mwenye digrii ya chuo cha Njoro na mgongo wa ofisi.

"Vuta! Usisukume! Nani alikufunza kusukuma?"

Ni wewe, mzee! Lakini pumzi ya kumjibu ningetoa wapi?

Tukiwa katikati ya kazi, Mama akaanza kuhamisha vyombo kutoka jikoni. Akatoa sufuria, mwiko, hata kuku aliyekuwa akiatamia. Majirani wakakohoa. Baba akaacha kuvuta, na uso wake ukamshuka vibaya. Jamani, nilimwonea huruma mpaka nikasahau mgongo.

"Mama watoto, kwani huniamini?"

"We angusha."

Tukavuta. Mti ukalia, ukayumba kuelekea jikoni, nami nikaita Yesu kwa sauti. Kisha ukageuka taratibu, ukaanguka kwenye viazi kwa kishindo. Kigingi kilizama chote ardhini. Majirani wakapiga kelele, na yule kijana wa power saw akavua kofia.

Baba akamwendea Mama huku jasho likimtiririka.

"Umeona? Na ulivyotoa vyombo vyote mbele ya watu!"

"Nilijua ukikosa utakufa kwa aibu papo hapo," Mama akasema, akiinua sufuria kubwa kuirudisha ndani. "Sasa wageni wa matanga yako ningewapikia na nini?"