Nilimwambia Wifi Faili Halionekani, Nami Ndiye Niliyelichoma

Jana mchana mkurugenzi wetu alitangaza mbele ya wafanyakazi wote kwamba mkuu wa masjala ya Korogwe amesimamishwa kazi kwa kupoteza faili la mgonjwa. Aliyesimamishwa ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Faili halikupotea. Nililichoma mimi.

Admin, nifichie jina, na la kazini usiliweke. Nina miaka thelathini na sita, nina mume na watoto wawili, naishi Handeni. Taasisi yetu ni ya binafsi, ina hospitali Korogwe na kituo cha matibabu hapa Handeni. Wifi yupo masjala miaka mingi: anafungua mafaili ya wagonjwa, anayapanga, anayatafuta yakihitajika. Mimi niliajiriwa mwaka jana kusimamia taarifa, yaani kuamua nani aone nini, kitu kitunzwe kwa muda gani na kiteketezwe lini, ili tusivunje sheria ya taarifa binafsi za watu. Yeye ana mafaili, mimi natunga kanuni zake. Nikajiona niko juu yake.

Mwanzoni ulikuwa utani. Tukikutana kwa mama mkwe huko Bungu, tukimenya ndizi, wifi ananianza: "Hivi wewe ni bosi wa nini hasa? Mimi nikiulizwa kazi yangu naonesha shelfu. Wewe unaonesha laptop!" Namjibu, "Baki na vumbi lako, mama masjala." Mama mkwe anacheka: "Mnagombania makaratasi kama wake wenza!"

Siku moja akaniambia bila kutania, "Nasikia mnataka kupunguza mafaili ya stoo ya Handeni. Wifi, msiguse kitu kabla sijaja." Nikamwambia hayo ni mambo ya sera, masjala watataarifiwa baadaye. Nakumbuka nilivyolitamka lile neno sera. Akaendelea na ndizi zake.

Nilichokuwa sikijui ni hiki. Zamani wagonjwa wote walianzia Handeni. Hospitali ya Korogwe ilipofunguliwa, mafaili yaliyokuwa yamejaa yaliachwa Handeni, na mgonjwa akafunguliwa sehemu ya pili ya faili Korogwe. Mgonjwa wa namna hiyo akiwa na kliniki, wifi anawapigia masjala wa Handeni siku moja kabla, sehemu ya kwanza inapandishwa basi la asubuhi, daktari anasoma zote mbili. Utaratibu huo haukuandikwa popote, ila kila mtu wa masjala anaujua. Mimi sikuwauliza. Nilitazama karatasi ya mwisho ya kila faili, nikaona ni ya miaka mingi iliyopita, nikahitimisha kuwa wenyewe waliacha kuja. Mkurugenzi aliponiuliza nilimjibu, "Hawa si wagonjwa wetu tena." Akaidhinisha. Tuliyateketeza kwenye tanuru la taka za kituo, nami nilisimama pale nikihakikisha hakuna karatasi inayosalia. Wifi sikumtaarifu.

Wiki mbili zilizopita wifi akanipigia. Tangu tuteketeze mafaili, ufunguo wa stoo ninao mimi. "Wifi, nitumie sehemu ya kwanza ya mama mmoja wa Mashewa, ana kliniki kesho." Nikaenda nikasimama mbele ya shelfu tupu. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Bado kulikuwa na nafasi ya kusema. Nikamwandikia ujumbe: "Halionekani, naendelea kulitafuta."

Kesho yake yule mama alimwambia daktari kuwa kuna sindano iliwahi kumkataa, jina lake halijui. Daktari akataka faili. Wifi, kwa kuamini ujumbe wangu, akamjibu kuwa linatafutwa Handeni. Wakasubiri hadi mchana. Hali ya mama ikawa inazidi kuwa mbaya, daktari akachagua dawa aliyodhani ni salama. Ilikuwa ile ile. Alivimba uso akashindwa kupumua. Walimwokoa kwa shida, akalazwa, sasa amerudi kwake. Ningesema ukweli siku ile niliyoulizwa, wangepata muda wa kumpigia mwanawe alete karatasi za zamani zilizoko nyumbani. Kuchoma lilikuwa kosa la kazi. Ule ujumbe ni jambo jingine, na sina jina la kuupa.

Mkurugenzi anaamini yaliyochomwa hayahusiani, kwa sababu nilimwambia hivyo na sijamrekebisha. Lawama ikamwangukia wifi, kwa kuwa ndiye anayeyaagiza mafaili na kuyapokea. Mume wangu naye ananisukuma: "Wewe ndiye mkubwa wa taarifa pale. Utaacha dada yangu aonewe?" Mshahara wa wifi ndio unaomtunza mama yao.

Jana jioni wifi alinipigia. Nilijiandaa kutukanwa. Akasema, "Nimepekua Korogwe yote kwa mikono yangu. Huenda liliwahi kutumwa huku, nikalipokea nikaliweka pabaya. Uzee unaniingia, wifi. Nimeanza kutojiamini." Ana miaka arobaini na tisa. Nikamwambia, "Pole, wifi, Mungu atasaidia." Akanishukuru.

Nikisema, kazi sina, na sijui kama ndoa itabaki. Nikinyamaza, ataondoka akiamini kwamba alikaribia kumuua mtu. Wapo watakaosema jibu liko wazi. Hata mimi naliona, lakini kila nikishika simu nimpigie mkurugenzi, naiweka chini. Waliowahi kusimama mbele ya watu wakasema "ni mimi", nielekezeni: nianze na mume wangu, nianze na wifi mwenyewe, au nisubiri kikao? Na yule mama wa Mashewa nimwendee kwake, au nitazidi kumuumiza?

Kikao cha uchunguzi ni Alhamisi saa nne asubuhi, hospitalini Korogwe. Wifi ameitwa kujieleza. Kabla yake, mimi nimepangwa kutoa maelezo ya kitaalamu kuhusu jinsi faili lilivyopotea.